Batiki nyumbani: Kostiki isikae kwenye chupa ya maji

Tabora. Kostiki soda ikishayeyuka kwenye maji haina rangi wala harufu. Ikimiminwa kwenye chupa ya lita moja na nusu iliyokuwa ya maji ya kunywa, hakuna anayeweza kuitofautisha na maji kwa kuitazama. Mama aliyeimimina anajua. Mtoto wa miaka miwili aliyetoka kucheza juani hajui, na funda moja linatosha kuharibu ulaji wake kwa miaka mingi.

Kostiki hii haiko viwandani tu. Iko kwenye nyumba za kawaida, hasa zile zinazotengeneza batiki au sabuni ya mche. Wengi wamejifunza kazi hizo kwenye mafunzo ya siku chache, kwenye vikundi vya akina mama, kwa maofisa wa SIDO au kwa jirani aliyetangulia. Walifundishwa vijiko vingapi vya rangi na vijiko vingapi vya kostiki. Mahali pa kuihifadhi kostiki iliyobaki jioni, mtoto akiwa ndani ya nyumba, si kila mkufunzi alikumbuka kupasema.

Chukulia nyumba ya mfano katika kata ya Ntalikwa, Manispaa ya Tabora. Kiwanda chenyewe ni uani, chini ya mwembe. Kuna meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, na juu ya blanketi nailoni, ili muhuri wa nta ukikandamizwa ushike kitambaa sawasawa. Pembeni jiko la mkaa lina sufuria ya nta. Bibi ndiye anayechonga mihuri ya mbao na kukata ya sponji, kwa sababu mkono wake hautetemeki na jicho lake linajua ua likikaa vibaya. Mama anachapa nta na kuchovya kwenye rangi. Binti wa sekondari akirudi shule anasuuza na kuanika. Baba anapeleka vitambaa kwa mafundi cherehani mjini na kudai madeni, kazi ambayo mafundi wa batiki watakwambia ni ngumu kuliko kuchovya.

Mtoto wa miaka sita naye hataki kuachwa.

"Mama, na mimi nichape."

"Kwanza umemwamkia bibi?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Njoo huku, shika muhuri hivi. Huu hauna nta, jaribu kwanza kwenye gazeti."

Hivyo ndivyo ufundi wa namna hii unavyorithiwa, na hakuna sababu ya kumfukuza mtoto uani. Ada ya shule inatoka hapo, na huenda miaka kumi ijayo mtoto huyo ndiye atakayeendesha kazi. Kuiambia familia kama hii iache batiki kwa ajili ya usalama ni ushauri wa mtu asiyelipa kodi ya nyumba. Kazi iendelee. Kinachohitaji kupangwa upya ni vitu vichache, na kimoja kinazidi vingine vyote kwa hatari.

Kwa Tabora, kitambaa na nta si mambo mapya. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa, wakati huo wageni wakipaita Kazeh, na sehemu kubwa ya mizigo ilikuwa vitambaa: merikani isiyotiwa rangi na kaniki ya buluu iliyokoza. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na kitambaa ndicho kilichokuwa fedha ya njiani. Misitu ya miombo nayo ina nyuki, na hadi leo mtu akisema Tabora msikilizaji anafikiria asali. Chuo cha ufugaji nyuki cha serikali kiko hapa hapa. Kwa fundi wa batiki hilo si jambo dogo, maana nta ya nyuki ikichanganywa na parafini ndiyo inayofanya kazi vizuri. Ya nyuki inashika kitambaa na kujikunja bila kuvunjika. Parafini inapasuka, na rangi ikipenya kwenye nyufa hizo inaacha ile mistari myembamba kama utando wa buibui ambayo wateja huipenda.

Nta inaunguza, na itarudiwa hapa chini. Lakini nta ya moto inamtisha mtoto mwenyewe: ina moshi, ina joto, inanuka. Kostiki haimtishi.

Kwa nini basi iwepo? Rangi nyingi za batiki zinazouzwa madukani haziyeyuki kwenye maji peke yake. Ili ziingie kwenye nyuzi za pamba, unga mweupe uitwao haidrosalfaiti huziondolea oksijeni, na kostiki huzifanya ziyeyuke. Kitambaa kikitolewa kwenye beseni huweza kuwa na rangi isiyoeleweka, ya njano au ya kijani. Kikipigwa na hewa, oksijeni inarudi, na rangi yenyewe inajitokeza mbele ya macho. Watoto hukimbilia kuitazama hatua hiyo, na kwa kweli inapendeza. Nili iliyoitia kaniki buluu yake hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo, ila mafundi wa kale walitumia maji ya majivu au chokaa, na wakaacha mtungi uchachuke kwa siku nyingi. Kostiki inafanya kwa dakika chache kile ambacho majivu yalikifanya kwa uvumilivu.

Nguvu hiyo hiyo inafanya kazi mwilini. Fundi aliyewahi kuishika kwa mkono mtupu anajua utelezi wake. Utelezi ule ni mafuta ya ngozi yake mwenyewe yanaanza kugeuka sabuni. Ndani ya koo na umio, yaani mrija unaopeleka chakula tumboni, hakuna ngozi ngumu kama ya kiganja. Kostiki inayeyusha utando wa ndani na kuendelea kuzama. Asidi kali huunguza na mara nyingi hutengeneza gamba linaloizuia kidogo kwenda ndani zaidi. Kostiki haitengenezi kizuizi hicho, na ndiyo sababu madaktari huiogopa sana ikimezwa.

Mtoto aliyeimeza hulia, hutoa udenda mwingi, hukataa kumeza, sauti huweza kukwaruza, na midomo au ulimi huweza kuonekana mweupe au mwekundu wenye malengelenge. Huweza pia kushindwa kupumua kwa sababu koo limevimba. Lakini kuna watoto ambao mdomo wao unaonekana mzima kabisa huku umio umeungua. Mzazi asijipe moyo kwa kuangalia ulimi.

Kuna jambo jingine linalowapotosha wazazi. Baada ya siku kadhaa uvimbe unapungua, mtoto anaanza tena kunywa uji, na nyumbani watu wanamshukuru Mungu. Wiki chache baadaye kidonda kinapopona kinaacha kovu, na kovu linavuta na kuubana umio. Mtoto anaanza kukataa ugali. Kisha wali. Kisha anatema hata uji, na wapo wanaofika hatua ya kushindwa kumeza mate yao wenyewe. Kuanzia hapo ni safari za hospitali za mara kwa mara, kulazwa usingizi na kupanuliwa umio, wengine wakilishwa kwa mpira unaoingizwa moja kwa moja tumboni. Uzito unashuka, shule inakosekana, na mama mwenye kazi ya batiki hana tena muda wa batiki.

Marekani waliyapitia haya zaidi ya miaka 90 iliyopita. Kostiki iliuzwa kwenye maduka ya vyakula kwa ajili ya sabuni na usafi, kwenye makopo ambayo mengi hayakuwa na onyo lolote. Daktari Chevalier Jackson, bingwa wa koo aliyefanya kazi Pittsburgh na baadaye Philadelphia, alipokea watoto wengi walioimeza hadi akawa mtu wa kubuni vyombo vyembamba vya kuchungulia ndani ya umio. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1938 anamsimulia msichana wa miaka saba ambaye umio wake ulikuwa umeziba, na kwa wiki nzima hakuwa ameweza kumeza hata tone la maji. Jackson akaingiza mrija wake, akatoa uchafu uliokuwa umeziba pale penye kovu. Msichana akapewa glasi ya maji. Akanywa funda dogo, akitegemea lirudi kama kawaida. Likashuka. Akanywa jingine. Kisha akausogeza pembeni mkono wa nesi, akaushika wa daktari na kuubusu.

Jackson hakutosheka na kutibu. Alipeleka suala hilo kwa wanasiasa mwaka baada ya mwaka, akibeba makopo ya kostiki na vielelezo vya watoto wake, hadi mwaka 1927 Bunge la Marekani lilipopitisha sheria ya kulazimisha vifurushi vya kostiki viandikwe kuwa ni sumu na vielezwe huduma ya kwanza. Rais Calvin Coolidge aliitia saini.

Kwenye masoko yetu kostiki mara nyingi hupimwa kwa kilo na kufungwa kwenye vifuko visivyo na neno hata moja. Vipande vyake ni vyeupe, vingine kama chumvi ya mawe, vingine kama vidonge vidogo. Kwa hiyo kazi ambayo sheria ile iliifanya kwenye kopo, nyumbani itafanywa na maka peni na kipande cha plasta: KOSTIKI, SUMU, kwa herufi kubwa, na fuvu la kichwa pembeni. Maandishi hayo ni kwa ajili ya shangazi aliyekuja kutembea na dada wa kazi aliyeanza jana. Mtoto wa miaka miwili hasomi. Yeye dawa yake ni kufuli.

Kostiki kavu ikae kwenye ndoo ya plastiki ngumu yenye mfuniko unaobana, ndani ya sanduku au kabati lenye kufuli, juu kuliko mkono wa mtoto aliyepanda kwenye kiti. Isikae jikoni, isikae karibu na chumvi, unga au sukari. Na ile iliyoyeyushwa isihifadhiwe kabisa. Iyeyushwe inayotosha kwa kazi ya siku hiyo tu. Chupa za maji, soda, juisi na mafuta ya kupikia zisiguswe na kostiki hata kwa dakika tano, hata kama kidumu kimepasuka na mteja anasubiri. Vivyo hivyo vikombe na vijiko vya kupimia: fundi awe na vyake, avitoboe tundu kwenye mpini na kuvifunga kamba nyekundu ili visirudi jikoni.

Wakati wa kuchanganya, kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kidogo kidogo, huku ikikorogwa kwa mti. Maji yakimiminwa juu ya kostiki yanaweza kuchemka ghafla na kuruka usoni. Chombo kiwe cha plastiki ngumu au cha chuma kisichoshika kutu. Sufuria za bati jeupe tunazopikia, yaani aluminiamu, huliwa na kostiki na kutoa gesi inayoshika moto. Mwenye kuchanganya avae glavu ndefu za mpira, miwani ya kuzuia maji na viatu vilivyofunika vidole. Kandambili hazifai.

Na mtoto mgongoni? Hili akina mama wengi hawapendi kuambiwa, kwa sababu mgongoni ndiko mtoto anakotulia. Lakini mama akiinama juu ya beseni, uso wa mtoto unachungulia begani, juu ya mvuke. Haidrosalfaiti hutoa gesi yenye harufu kali ya kiberiti inayokwaruza koo na kuamsha pumu. Kitambaa cha kujifunga puani huzuia vumbi tu, gesi inapita. Kwa ile nusu saa ya kuchovya, mtoto apokewe na bibi, na kazi ifanyike nje, upepo ukitokea nyuma ya fundi. Mjamzito naye ni vizuri amwachie mwingine hatua hiyo. Unga wa haidrosalfaiti ukae mahali pakavu kabisa, mbali na ndoo ya kostiki na mbali na jiko, maana ukiingiwa na unyevu huweza kupata joto wenyewe hadi kuwaka.

Nta sasa. Sufuria ya nta isikae moja kwa moja juu ya mkaa uliokolea. Ikae ndani ya sufuria kubwa zaidi yenye maji, ili joto lisipande kupita kiasi. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzijoto 60 na kitu tu, haihitaji moto wa kuchemshia maharage. Ikianza kutoa moshi, imezidi, iepuliwe. Ikishika moto ifunikwe kwa mfuniko au imwagiwe mchanga, na ndoo ya mchanga iwe karibu kabla ya kuwasha. Maji yakimwagwa kwenye nta inayowaka, moto unalipuka na kusambaa. Baada ya nta kuna pipa la kuchemshia kitambaa ili nta itoke. Hapo ndipo watoto wadogo huungua kwa maji ya moto, kwa sababu pipa liko chini, kwenye mafiga, usawa wa kifua chao. Mstari uchorwe ardhini kwa chokaa au upangwe kwa matofali, na watoto wajue kuwa siku ya kuchemsha hawauvuki.

Ajali ikitokea, wazazi wengi wana mambo matatu wanayoyafanya haraka, na kwa kostiki yote matatu ni makosa. La kwanza ni kumtapisha mtoto kwa kidole au maji ya chumvi. Kostiki iliyounguza ikishuka itaunguza tena ikipanda, na inaweza kuingia kwenye mapafu. La pili ni kumpa limao au siki, kwa hoja kwamba asidi itaivunja nguvu kostiki. Itaivunja, lakini kwa kutoa joto, ndani ya koo lililokwisha kuungua. La tatu ni kumjaza maziwa. Maziwa mengi yanamletea kutapika, na yanamzuia daktari kuona vizuri ndani. Mtoto asuuzwe mdomo kwa maji safi na kutema kama anaweza, afutwe midomo na mikono, avuliwe nguo zilizolowa, asilazimishwe kunywa chochote, kisha aondoke. Zahanati au kituo cha afya kilicho karibu kitampa huduma ya kwanza na kumwelekeza mbele. Kwa Tabora hospitali ya rufaa ya mkoa ni Kitete. Kifuko au chombo chenyewe kiende naye, kikiwa kimefungwa na kuwekwa ndani ya ndoo, ili mhudumu asikisie amekunywa nini na kiasi gani. Aende hata kama ameacha kulia.

Ikiwa ni ngozi, unga upanguswe kwanza kwa kitambaa kikavu, kisha sehemu hiyo imiminiwe maji mengi kwa dakika zisizopungua 20. Ikiwa ni jicho, maji safi yapite juu ya jicho lililofunguliwa, kutoka upande wa pua kwenda nje, kwa dakika 20 hadi 30, na yaendelee kumiminwa njiani ikiwezekana. Jicho lisisubiri kutafutiwa matone ya dawa. Ndiyo maana kabla ya kuchanganya kostiki kuwe na ndoo mbili za maji safi ambazo hazitumiki kwa kazi nyingine yoyote. Ntalikwa, kama kata nyingine za pembezoni, si kila nyumba ina bomba uani, na maji ya kuokoa jicho hayawezi kwenda kuchotwa.

Baadhi ya wasomaji watauliza kama kuna njia ya kutengeneza kitambaa cha maua bila kostiki. Ipo, na inatoka mbali kidogo.

Wajapani wana ufundi wa kale uitwao katazome. Badala ya kuchapa nta, wanakata maua kwenye karatasi ngumu, wanaitandaza juu ya kitambaa na kupaka uji mzito wa kunata kupitia matundu. Karatasi hiyo ina tabaka kadhaa zilizogandishwa kwa maji ya tunda la mkakishi, ambayo huifanya isiloane, na mji uliojulikana zaidi kwa kuikata ni Shiroko, eneo la Ise, ambao sasa ni sehemu ya Suzuka. Uji wenyewe ni wa unga wa mchele wa kunata na pumba za mchele, pamoja na chumvi na chokaa kidogo. Ukikauka, rangi inapakwa kwa brashi; palipo na uji hapashiki rangi. Mwishoni kitambaa kinalowekwa, uji unatoka kwa maji tu, na ua linabaki. Hakuna sufuria ya nta wala pipa la kuichemshia. Kazi hii iliendeshwa na familia, vizazi juu ya vizazi, mmoja akijua kukata, mwingine kupika uji, mwingine rangi. Serikali ya Japani iliithamini kiasi kwamba mwaka 1956 ilimpa fundi wake maarufu, Keisuke Serizawa, heshima wanayopewa watu wanaohifadhi urithi wa taifa mikononi mwao. Hata huko, hata hivyo, mtungi wa nili ulikuwa na maji makali ya majivu.

Karibu zaidi na kwetu, Wayoruba wa Nigeria hufanya jambo linalofanana, na uji wao ni wa muhogo. Muhogo! Wanapika uji wa unga wa muhogo hadi uwe laini, wanauchuja, kisha wanauchora kwa unyoya wa kuku au kuupitisha kwenye bati lililokatwa maua, upande mmoja wa kitambaa. Ukikauka kinachovywa kwenye nili ya baridi. Zipo nyumba zinazotia mrututu ndani ya uji huo ili usioze. Mrututu ni sumu, na kwenye nyumba yenye watoto usitiwe; uji upikwe wa siku moja na unaobaki umwagwe.

Kwa familia ya Ntalikwa inayotaka kujaribu, muhogo hauhitaji kuagizwa. Jalada gumu la plastiki la faili linafaa kukatwa maua kwa wembe, kazi ya bibi. Rangi ziwe zile zinazoshika pamba kwa maji ya baridi kwa msaada wa magadi soda na chumvi. Muuzaji aulizwe kama rangi yake ni ya kostiki au ya magadi, na kama hajui, rangi hiyo isinunuliwe. Magadi nayo si ya kulambwa kwa kijiko wala kuingia machoni, lakini ukali wake ni mdogo sana ukilinganishwa na wa kostiki. Rangi ikorogwe nzito na ipakwe kwa brashi, kwa sababu muhogo ukilowekwa muda mrefu unaachia. Maua hayatakuwa na ile mistari ya buibui ya nta, na wateja wengine wataikosa. Wengine wataona ni mtindo mpya. Kipande cha kwanza kiwe cha nusu mita, sio doti nzima.

Na yule wa miaka sita atakuwa amepata kazi yake. Ataushika ubao wa kupakia uji, bibi akiwa ameshika jalada lisiteleze, na akilamba kidole atakuwa amelamba muhogo.